Bi Mstari na Jedwali la Ukurasa wa Sitini na Mbili

Kama umewahi kumwona mwanamke amesimama mbele ya tangazo la ukutani la vyumba vya kupanga, kichwa kakiinamisha upande, midomo inamchezacheza, basi huenda ulimwona Bi Mstari, na wala hakuwa akitafuta chumba. Alikuwa akitazama jinsi herufi zilivyobanana upande mmoja na kuachana upande mwingine, na roho ilikuwa inamuuma kwelikweli. Ana miaka hamsini na miwili, na thelathini kati ya hiyo ameitumia kupanga kurasa za vitabu katika kiwanda kidogo cha uchapaji, kile kilichobanwa kati ya fundi viatu na duka la fotokopi. Jina la Bi Mstari alipewa na wenzake kazini, wala hawakumpa kwa kumsifu tu. Ukimpelekea ukurasa wenye mstari uliopinda nusu milimita, atakurudishia, na maneno juu.

Usidhani kazi hiyo aliifanya kwa kubofyabofya kipanya. Thubutu! Bi Mstari alipanga vitabu kwa kuandika amri. Hapa anza sura, hapa koleza herufi, hapa weka mchoro. Unaziandika zote kwenye faili, unabonyeza, unasubiri, na kurasa zinatoka zimenyooka. Pale ambapo amri za programu hazikumridhisha, alitunga zake mwenyewe na kuzipa majina kama watu wanavyowapa majina kuku wao. Moja aliiita sogeza, nyingine pumua, na nyingine pengo. Hiyo pengo ilikuwa ya majedwali. Majedwali ya programu yalikuwa na mistari kila upande, naye aliyaona kama madirisha ya jela, kwa hiyo akawa anayapanga kwa njia yake, bila mistari, na palipotakiwa pawe patupu anaandika pengo. Karatasi inaacha nafasi safi, pana vilevile anavyotaka yeye.

Sasa, Bi Mstari ana dada. Dada huyu kamzidi miaka tisa, mkunga mstaafu aliyepokea watoto wengi kiasi kwamba hawezi kwenda kununua nyanya bila kuamkiwa mara ishirini. Miaka ishirini nyuma aliandika mwongozo wa wakunga, kitabu chembamba cha kurasa themanini, na Bi Mstari ndiye aliyekipanga. Nakala zilikwisha siku nyingi. Zilizobaki vituoni zilikuwa zimechanika, zimelowa, nyingine zimebaki jalada tu. Dada, ambaye kustaafu kwake ni kwa maneno, alikuwa akiwanoa wakunga arobaini wa vituo vya mbali, na wote walikuwa na simu mkononi.

"Mdogo wangu," alisema, akiwa ameketi kwenye stuli ya kiwandani huku mkoba uko mapajani, "nataka kitabu changu kiingie kwenye simu. Wakunga wangu wanarudi vituoni Ijumaa."

"Si nilikutumia faili la kuchapia?"

"Ulinituma nikasome kupitia tundu la ufunguo! Nikikuza herufi, nusu ya sentensi inakimbilia huku. Nikiifuata, mwanzo wake umepotea kule. Mimi nina mama anasukuma kitandani, nitapata wapi muda wa kukimbizana na sentensi?"

Bi Mstari alijua dawa yake ni nini, na hakuipenda hata kidogo. Kuna vitabu vya simu ambavyo maandishi hujipanga upya kufuata upana wa kioo. Simu nyembamba, mistari mifupi. Mzee akikuza herufi, kila kitu kinahamia chini kwa adabu. Maana yake hakuna ukurasa tena, hakuna pambizo, hakuna nusu milimita. Kila simu inajipangia.

"Yaani miaka thelathini yote hii ya kunyoosha mistari, halafu simu ijifanyie inavyotaka," alinung'unika.

"Itafanya ninavyotaka mimi," alisema Dada. "Ijumaa."

Jumatatu asubuhi Bi Mstari akafungua lile dirisha jeusi la kompyuta ambalo wenzake hulikimbia, akaandika amri ya kwanza: chukua faili hili, ligeuze kitabu cha simu. Akabonyeza. Kompyuta ikafikiri kidogo, halafu ikamtapikia maonyo mia tatu na kumi na mawili. Mchoro wa kwanza hauonekani. Amri pumua haifahamiki, imerukwa. Amri sogeza haifahamiki, imerukwa. Tazama ukurasa wa thelathini, ukurasa upi?

"Haifahamiki na nani?" akaiuliza kompyuta. "Mimi nazifahamu tangu hujazaliwa."

Kitabu kilichotoka siku ile kilikuwa kichekesho. Kichwa cha sura ya pili kilikaa katikati ya sentensi. Namba za kurasa zilikuwa zimezagaa ndani ya maelezo, na mchoro wa kitovu cha mtoto mchanga ulikuwa umeangukia kwenye shukrani, chini kabisa ya jina la Dada. Mwenye kiwanda, ambaye wote wanamwita Bosi ingawa chai anajichemshia mwenyewe, alicheka mpaka akavua miwani.

Lakini Bi Mstari akikamia jambo, kaa mbali. Jumanne akarudisha michoro mahali pake. Jumatano akang'oa kila "tazama ukurasa fulani" na kuweka kiungo, ukikigusa kwa kidole kinakupeleka unakotaka, na hapo kidogo moyo wake ukaanza kulainika, kwa sababu karatasi haijawahi kumfanyia mtu hivyo. Anarekebisha, anaandika amri, anabonyeza, anasoma maonyo, anarekebisha tena. Mia tatu yakawa mia mbili. Kufika Alhamisi jioni yalikuwa yamebaki tisini, na mengi yalikuwa ya pumua na sogeza, vijinafasi vya urembo ambavyo kwenye simu havina kazi. Alishayazoea. Alikuwa akiyapitisha macho kama mtu anayemsikiliza jirani mbea, anaitikia mm, mm, huku anachambua mchele.

Katikati ya hayo tisini, mara kumi na moja, palikuwa na onyo hili: amri pengo haifahamiki, imerukwa. Aliliona. Akasema mm, akalipita.

Hapa ndipo ninapotamani kumshika mabega na kumtikisa. Mwanamke wewe! Pengo si pumua! Lakini alikuwa amechoka, siku zilikuwa zimekwisha, na zaidi ya yote alikikagua kitabu kwa macho yake, tena simu mkononi, sura hadi sura. Alifika kwenye jedwali la dawa za watoto wachanga, lile lililokuwa ukurasa wa sitini na mbili wa kitabu cha karatasi, akatazama alichozoea kutazama. Namba zimekaa chini ya namba. Safu zimenyooka. Hakuna kilichopinda. Akaridhika, na Ijumaa saa tatu akalituma faili kwenye kundi la wakunga. Makofi arobaini yakamiminika kwenye simu yake, na mioyo, na mkunga mmoja akatuma picha ya mtu anacheza. Bi Mstari alirudi nyumbani anatembea kwa madaha.

Jumamosi asubuhi alikuwa anafua uani. Mumewe alikuwa amejilaza kwenye kochi, mlango wazi, simu karibu igusane na pua. Huyu ni Baba Pacha, mpima mizani kwenye ghala la nafaka, bwana mpole ambaye vitabu alivyovisoma mpaka mwisho hesabu yake haifiki vidole vya mkono mmoja.

"Mama Pacha," akaita.

"Nini tena?"

"Nasoma kitabu chenu, wewe na shemeji."

"Wewe? Unaumwa?"

"Naumwa wapi! Nimefika kwenye kilo, nikasema hapa ndipo nyumbani. Lakini mbona mnanichanganya? Mtoto wa chini ya kilo mbili, matone matano. Wa kilo mbili mpaka tatu, matone manane. Wa zaidi ya kilo tatu hapewi kitu. Yaani mzigo mkubwa unapita hivihivi, mdogo ndio unaobanwa?"

Bi Mstari akaacha kufua. "Dawa ipi hiyo?"

"Ya nne kutoka juu."

Aliingia na povu hadi kwenye viwiko, akamnyang'anya simu. Mstari ule aliujua. Alikuwa ameupanga mwenyewe, na kwenye karatasi ulisomeka hivi: chini ya kilo mbili, patupu, kilo mbili mpaka tatu, matano, zaidi ya tatu, manane. Na patupu pale hapakuwa mapambo. Kila mkunga aliyefundishwa na Dada alijua kwamba palipo patupu, dawa haitolewi, maana ile ya nne inaweza kumkata pumzi mtoto mdogo namna hiyo. Simu haikulijua pengo. Ikalitupa, na namba zikasogea kushoto kujaza nafasi, zikajipanga vizuri, zikanyooka. Matano ya mtoto mkubwa yakamwangukia mtoto mdogo.

"Baba Pacha," akasema, "nimeua mtu."

"Umeua nani? Si ulikuwa unafua?"

Alitoka vilevile, kanga ya kufulia kiunoni na ndala miguuni, akaenda kiwandani mbio mbio, dakika kumi za njia akazitembea kwa tano. Nitasema ukweli, ingawa nampenda: alitakiwa kumpigia dada yake pale pale uani. Hakumpigia. Alijiambia anataka kuhakikisha kwanza, na kuhakikisha ni jambo jema, lakini kilichomfukuza hadi kiwandani kilikuwa ni aibu. Aliogopa kuisema kwa mdomo wake.

Bosi alikuwepo, anahesabu mabunda ya karatasi. Bi Mstari akafungua kompyuta, akaendesha tena ile amri, na safari hii akasoma maonyo moja moja, kidole kwenye kioo. Pengo haifahamiki, imerukwa. Pengo haifahamiki, imerukwa. Mara kumi na moja, dawa saba. Kompyuta ilikuwa imemwambia yote tangu Jumatatu, bila kuchoka.

Bosi akasoma nyuma ya bega lake, na akaelewa. Si mtu mbaya, Bosi. Ni mtu anayependa mambo yaishe taratibu.

"Sikiliza," akasema kwa sauti ya chini ingawa walikuwa wawili tu. "Rekebisha sasa hivi. Tuma faili jipya, sema ni toleo lililoboreshwa, wafute la zamani. Nani atajua? Watu hupenda kitu kilichoboreshwa."

Na Bi Mstari, usimwone vile, alilifikiria jambo hilo. Lilimkaa akilini kwa muda wa kutosha kuandika neno "toleo" kwenye simu yake. Jina lake la miaka thelathini lingebaki safi. Halafu akajiuliza nani, kwenye kituo cha mbali, siku ya Jumamosi, ataacha kazi zake afungue kitu kwa sababu kimeboreshwa. Yeye mwenyewe asingefungua. Akalifuta neno, akampigia dada yake.

"Dada, nimekosea. Jedwali la dawa za wachanga ni bovu kwenye simu. Sehemu zote za patupu zimepotea na namba zimehama. Ile ya nne inaonyesha matone matano kwa chini ya kilo mbili. Ni kosa langu. Nilionywa na sikusoma."

"Umelijua saa ngapi?" Dada akauliza.

"Nusu saa iliyopita."

"Nusu saa!" Sauti ile iliwahi kuwanyamazisha madaktari. "Nusu saa umekaa nayo? Nitakuja kukasirika vizuri tukimaliza. Andika kwenye kundi sasa hivi, na uandike ulivyoniambia mimi, usilipake rangi. Halafu tugawane majina. Mimi ishirini wa juu, wewe ishirini wa chini. Mtu asipopokea, piga tena. Ujumbe si jibu. Nataka sauti."

Bi Mstari akaandika: USITUMIE JEDWALI LA DAWA ZA WACHANGA KWENYE KITABU CHA SIMU. NAMBA SI SAHIHI. NIMEKOSEA MIMI NILIYEKIPANGA. Akatuma, akaanza kupiga simu.

Wa kwanza alikuwa sokoni. Wa pili alikuwa bado hajakifungua. Wa tatu alimpa pole, na pole ile ilimchoma kuliko angetukanwa. Wa saba alitaka kujua kama michoro nayo ni mibovu, akaambiwa michoro ni mizima, akataka kusimulia jinsi alivyoupenda mchoro wa kitovu, na Bi Mstari ikabidi amkatize. Katikati ya simu na simu alikuwa anarekebisha lile jedwali. Angeweza kuifundisha kompyuta maana ya pengo, mistari miwili tu ya amri. Hakutaka. Alipita kila mahali palipokuwa na pengo, nafasi zote kumi na moja, akalifuta na kuandika neno kamili kwa herufi kubwa: USITOE.

Jedwali likaharibika. Lile neno lilikuwa refu kuliko namba, likasukuma safu huku na kule, na kichwa cha safu ya kwanza kikavunjika mara mbili. Bosi, aliyekuwa amemletea chai, akainama kutazama.

"Limepinda hili," akasema, taratibu, kama anayemwambia mtu kwamba ana kitu usoni.

"Liache lipinde," akasema Bi Mstari, na akalituma.

Kufika saa tisa alasiri, yeye na Dada walikuwa wamesikia sauti thelathini na tisa. Mmoja hakupatikana. Alikuwa mkunga kijana wanayemwita Kimbaumbau, kwa urefu na wembamba wake, peke yake kwenye kituo ambako mtandao huja na kuondoka. Bi Mstari alimpigia mara kumi na nne. Kila mara sauti ile ya mashine ilimwambia mteja hapatikani, naye kila mara alijibu, "Mtafute basi!" Hakula. Chai ilipoa. Bosi alijifanya anahesabu tena karatasi alizokwisha kuzihesabu, na hakuna aliyemwambia mwenzake aende nyumbani.

Saa kumi kasoro simu ikalia. Kimbaumbau.

"Shikamoo, mama. Nimeona umenitafuta sana. Nimepanda huku juu ya kilima ndipo nimepata mtandao."

"Marahaba. Kile kitabu, lile jedwali la dawa za wachanga, umelitumia?"

"Ndiyo maana nimepanda. Nina mtoto wa leo alfajiri, kilo moja na gramu mia saba. Nikafungua simu, nikaona dawa ya nne, matone matano."

Bi Mstari akaketi chini. Kiti kilikuwepo, lakini yeye aliketi sakafuni.

"Ukampa?"

"Nilishayavuta, mama. Nimeyashika hivi. Mama yake akaniuliza, 'Hivi kadogo namna hii nako kananyweshwa dawa?' Akaniuliza tu, hivyo, kwa woga. Nikasimama. Nikakumbuka Sista, dada yako, alitufundisha hapo hapana kitu. Nikaweka chini, nikasema ngoja nikaulize. Nimemwacha na dada wa usafi, nikapanda kilima."

"Hukumpa."

"Sikumpa. Lakini ilibaki kidogo tu nimpe, mama, kidogo sana. Nilijua darasani hapo pako patupu. Nilikuwa na uhakika. Ila nikajiambia, kitabu hiki kimepangwa na Bi Mstari, na Bi Mstari hakosei. Labda kanuni imebadilika."

Miaka thelathini Bi Mstari alikuwa akilijenga jina lile, mstari kwa mstari, na alikuwa akilipenda, na hakuwahi kufikiri kwamba linaweza kumshika mkunga mkono na kumsukuma.

"Mwanangu," akasema, "Bi Mstari anakosea. Amekosea wiki hii, mara kumi na moja katika jedwali moja. Waambie na wenzako. Na yule mama wa mtoto, ukishuka, mwambie asante kutoka kwangu. Mwambie aendelee kuuliza."

"Nitamwambia."

"Anaendeleaje mtoto?"

"Alikuwa ananyonya nilipomwacha. Kadogo, lakini kana fujo!" Kimbaumbau akacheka, pumzi bado inamkatika kwa kile kilima. "Acha nishuke, mama. Nisije nikawa nahitajika."

Akakata. Bi Mstari akampigia dada yake, akasema neno moja, "Arobaini," na Dada akasema, "Alhamdulillahi," halafu akaanza kumgombeza, kwa utaratibu, kuanzia ile nusu saa, na Bi Mstari akayapokea yote akiwa pale pale sakafuni, machozi yanamtiririka, akiitikia ndiyo dada, ndiyo dada, na kila neno alikuwa akilisikiliza.